Wasimamizi wa Kupigiwa Mfano

Siku ya tisa tangu mume wangu aache kuniongelesha, alifundisha somo la kusikilizana katika ndoa. Alilifundisha sebuleni kwetu Kiamunyi, Jumamosi saa nane mchana, mbele ya vijana wawili waliokuwa na mpango wa kuoana mwezi wa Desemba. Na alifundisha vizuri, sitamnyima haki yake. Aliinama mbele, akaunganisha vidole, akashusha sauti mpaka vijana nao wakalazimika kuinama kama watu wanaotafuta sindano kwenye zulia, kisha akasema, "Kusikiliza si masikio. Kusikiliza ni moyo." Halafu akanigeukia na tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu Alhamisi ya wiki iliyopita.

"Ama namna gani, Mwalimu?"

"Ni kweli kabisa," nikajibu.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza tuliyosemezana kwa siku tisa, na yalisemwa kwa faida ya wageni. Vijana walipoondoka na geti kufungwa, alirudi kwenye gazeti lake kama kibarua aliyemaliza zamu.

Kosa langu lilikuwa hili. Wageni wengine walikuwa wamekuja kula chakula cha mchana, naye akawa anawasimulia alivyoendesha gari kutoka Keringet kwenye mvua kubwa, matope mpaka kwenye milango, hadi wanaume wa huko wakampigia makofi. Nami, bila kufikiri, nikasema, "Si siku hiyo kulikuwa na jua?" Nilikuwa ndani ya gari hilo. Nilikuwa nimevaa miwani ya jua. Lakini mume wangu akisema ilinyesha, basi ilinyesha, na mke mwenye akili hujipangusa maji usoni.

Kwa asiyejua mambo ya makanisa yetu, nieleze kidogo. Vijana wakitaka kufunga ndoa kanisani, hawapewi tarehe hivi hivi. Hupewa kwanza wasimamizi, mume na mke waliokaa katika ndoa miaka mingi, ambao kila mtu huku huwaita best couple. Kwa Jumamosi nane hao huwafundisha vijana namna ya kuishi pamoja. Siku ya harusi husimama kando ya maharusi na kutia sahihi kama mashahidi, na baadaye vijana wakikosana, ni kwao wanakokimbilia. Ni utaratibu mzuri. Una kasoro moja tu, nayo ni jinsi wasimamizi wenyewe wanavyopatikana. Kamati ya kanisa haiji kusimama nje ya dirisha lako isikie mnavyoongea. Kamati inaangalia kama mnakaa benchi moja, kama mnafika kwa gari moja, na kama nguo zenu zinafanana.

Kwa nguo hatukuwa na mpinzani. Mume wangu ndiye aliyechagua kitambaa, akachagua fundi, akachagua mshono, na Jumapili yenyewe akasimama mlangoni kuhakikisha nimevaa. Siku moja mwezi wa Julai, na Julai ya Kiamunyi haina huruma, nilivaa sweta ya kijivu juu ya kitenge. Tulikuwa tumeshafika lami alipogeuza gari turudi nikaivue. Nilitetemeka ibada nzima. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu akanishika bega na kuninong'oneza, "Roho amekushukia leo, mama." Nikamwambia amina. Ningemwambia nini tena?

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kamati yetu ilikuwa imeridhika na mlango.

Na mlango wenyewe ulikuwa wa kuvutia, lazima niseme. Mume wangu anauza chakula cha ng'ombe. Anazunguka Molo, Keringet mpaka Olenguruone, na hakuna mkulima huko asiyemfurahia. Anakumbuka majina ya ng'ombe. Atamkuta mzee ambaye hajamwona mwaka mzima na kumuuliza, "Yule mweusi mwenye doa, alishazaa?" Mzee atatabasamu kuanzia pale hadi sokoni. Siku binti yetu alipozaliwa, mtu huyo huyo alifika hospitalini jioni, akasimama mlangoni mwa wodi, akalalamika kwamba hakuna aliyempa hongera tangu asubuhi.

Nilimpenda. Sitajifanya hapa kwamba nililazimishwa. Nilikuwa mwalimu mgeni kule Keringet, nakaa nyumba ya mbao nyuma ya shule, na baridi ya kule inajua kumtafuta mtu aliye peke yake. Yeye akaja na gari la kazi, akanisikiliza, akacheka kila nilipotaka acheke. Baada ya wiki tatu alikuwa ameshaamua tutazaa watoto wangapi. Wenzangu shuleni walisema nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Mimi nilidhani nimependwa haraka kwa sababu ninapendeka. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa na haraka ya kupendwa yeye, na mimi nilikuwa karibu.

Tulipohamia Kiamunyi na kujenga, sheria za nyumba zikaanza kujitokeza, moja baada ya nyingine, zote bila kuandikwa. Asikosolewe mbele ya watu. Asikosolewe pasipo watu. Sifa zikija nyumbani, zipitie kwake. Nilipopandishwa cheo na kuwa naibu wa mwalimu mkuu, alikaa siku sita bila kusema, na siku ya saba akawaambia ndugu zake kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kujibu maswali ya usaili. Nikimkumbusha jambo alilosema jana, angeniangalia kwa masikitiko na kusema, "Sikusema hivyo. Wewe huwa unasikia vitu." Ukiambiwa hivyo mwaka mmoja unabisha. Ukiambiwa miaka kumi unaanza kwenda kuangalia jiko mara tatu kama kweli umelizima.

Binti yetu alikuja kusoma chuo kule Njoro. Njoro na Kiamunyi ni pua na mdomo, lakini likizo zote yeye hubaki huko huko, ati kuna kazi ya utafiti. Nampigia simu, ananiuliza, "Mum, uko peke yako?" Nikisema ndiyo, ndipo anaanza kuongea.

Mwaka juzi tumbo likaanza kuniuma bila sababu. Daktari akapima kila kinachopimika, hakupata kitu, akanielekeza kwa mwanasaikolojia mmoja mjini, mwanamke wa makamo mwenye ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Chini watu walikuwa wanakata mabati, juu mimi nalia. Alinisikiliza saa nzima, na niliona haya kwa jinsi nilivyofurahia kusikilizwa.

"Mimi sijamwona mzee wako," akaniambia, "kwa hivyo siwezi kumpa jina la ugonjwa. Nitakuwa namwonea. Lakini kuna kitu tunaita tatizo la haiba."

Akanifafanulia polepole. Kila mtu ana namna yake ya kujiona na kuwaona wenzake. Kwa wengi namna hiyo inapindika kidogo maisha yanapodai. Kwa wengine imeganda tangu ujana kama saruji. Kuna ambaye asiposifiwa hapumui. Kuna ambaye anaogopa kuachwa hadi anamfukuza mwenzake kabla hajaachwa. Kuna asiyemwamini hata anayemletea maji. Na tofauti na malaria, mwenyewe mara nyingi hajisikii mgonjwa. Wanaoshikwa na homa ni wanaoishi naye. Wapo wanaosaidika, akasema, lakini lazima kwanza mtu akubali kwamba kuna kitu. "Si laana," aliniambia, "si pepo, na si kwamba wewe hujui kupika." Kisha akanipa karatasi mbili zilizopigwa chapa niende nikasome.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu ambao ni mwalimu peke yake anaweza kuufanya. Niliiamini karatasi. Maisha yangu yote nimewapa watu karatasi, wakasoma, wakaelewa, wakapata alama. Kwa hiyo nikaziweka zile karatasi mezani kando ya chai yake, nikakaa kumngojea kama ninavyongojea darasa la nane limalize mtihani.

Alizisoma mara mbili. Akatoa kalamu mfukoni, akaanza kuweka alama za tiki. Alama moja, mbili, tano. Nikafurahi, mimi mjinga. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa na machozi, machozi ya kweli, naapa.

"Pole sana," akasema. "Miaka yote hii umekuwa ukiumwa na hukuniambia. Kila kitu hapa ni wewe."

Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Huyu wangu hakutosheka kuliona. Alianza ziara ya kulitangaza. Kwanza tulikwenda Keringet kwa mama yake. Mama mkwe ni mwanamke mwema aliyezaa mtoto mmoja wa kiume baada ya mabinti watano, na tangu siku hiyo hajamwambia hapana. Alinikalisha, akanimiminia mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu kizuri cha wageni, akaniwekea mkono kichwani. "Usijali, mama," akaniambia. "Huyu mtoto yangu hawezi kutupa mtu mgonjwa." Nikanywa maziwa. Yalikuwa matamu na nilikuwa nataka kupiga mayowe.

Kisha tukaenda kwa mchungaji. Na kabla ya mwezi kuisha, mume wangu alikuwa ameongeza mada mpya katika masomo yetu ya Jumamosi: jinsi ya kuishi na mwenzi mwenye tatizo la haiba. Mfano alikuwa nao hapo hapo, umeshika sahani ya mandazi. Alieleza anavyonivumilia. Alieleza anavyonyamaza ninapochafuka, ili asiniumize kwa maneno. Wanawake wa kanisa walianza kunisimamisha nje ya ibada. "Una bahati," mmoja akaniambia. "Yangu ingekuwa imeniacha kitambo." Nilikuwa nimeenda kutafuta jina la kinachoniumiza, na sasa nilikuwa nimelivaa mimi, na limenitosha kuliko vile vitenge.

Mtu ataniuliza mbona nilikaa. Nitasema jambo moja ambalo halinipi sifa. Mchana mmoja, miaka sita kabla ya hayo, alikuwa ameenda mkutano wa wauzaji mjini, na mtu mwingine akapewa kile cheti alichokuwa amejiandalia hotuba. Alirudi, akaegesha gari uwanjani, na asitoke. Nilimpelekea chai kwa dirisha. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, gari limezimwa. Akaniuliza, bila kuniangalia, "Wewe unaniona ni mtu wa maana?" Sauti ilikuwa ya mtoto. Nikamwambia ndiyo, sana. Akanywa chai. Kesho yake alikana kwamba tuliongea. Lakini mimi nilikuwa nimeona shimo lilivyo ndani yake, na nilimhurumia, na huruma hiyo ikanigharimu miaka yote iliyofuata.

Na kuna jingine. Nilipenda kuitwa best couple. Nilipenda tukipita katikati ya kanisa watu wakageuza shingo. Ukikosa chakula nyumbani, harufu ya jikoni kwa jirani nayo ni kitu.

Sasa nirudi kwa wale vijana wawili.

Msichana alikuwa anafanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno mjini. Alikuwa na kicheko cha kutoka tumboni, kicheko cha mtu ambaye hajawahi kuombwa akipunguze. Kijana wake alikuwa mtu wa ofisi, shati limepigwa pasi hata mgongoni, na alikuja na daftari. Kila mume wangu alichosema, aliandika. Aliacha kumwita mzee, akaanza kumwita mentor. Siku ya pili tu nilimwona ameanza kuunganisha vidole vile vile.

Jumamosi ya nne, ile ile ya somo la kusikilizana, msichana alinifuata jikoni nikichemsha chai.

"Auntie, nikuulize kitu na usiseme nimesema?"

"Uliza tu, mwanangu."

"Huyu mtu wangu akikasirika ananyamaza. Juzi ilikuwa siku tano. Nampigia hashiki, na naona kabisa yuko online. Si hii kitu huisha mkishaoana?"

Nakumbuka nilikuwa nimeshika kijiko cha majani chai hewani. Mlango wa sebule ulikuwa wazi na sauti ya mume wangu ilikuwa inakuja, laini, ikifafanua moyo unavyosikia. Nilikuwa na siku tisa zangu mwenyewe kifuani. Ningemwambia. Badala yake nilimpa siri ya jikoni.

"Itaisha," nikasema. "Ni uanaume tu. Mwache siku mbili. Ya tatu umpelekee kitu anachopenda kula. Usimuulize umekosa nini, ukiuliza atazidi. Omba msamaha tu, na uombe kama mtu anayejua."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayefundisha kusonga ugali. Na baya zaidi, nilijiona nina hekima.

Jumamosi mbili baadaye akarudi jikoni akiwa na furaha. Alinisaidia kupanga vikombe.

"Auntie, ilifanya kazi! Alikuwa amenyamaza tena, nikampelekea kuku kienyeji hadi ofisini, nikaomba msamaha. Amenisamehe!"

"Alikuwa amekasirikia nini?"

"Sijui. Si uliniambia nisiulize?"

Akageuka kwanza kuangalia mlango wa sebule. Alipohakikisha hakuna anayekuja, ndipo akacheka, na akacheka kwa koo tu, mkono mdomoni.

Nimefundisha miaka ishirini na minne. Nimefundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma na wakubwa wao kugawanya sehemu. Sijawahi kupata mwanafunzi aliyeshika somo haraka hivyo. Nilikuwa nimemfundisha kuangalia mlango. Nilipomtazama nilijiona mimi kule Keringet, kabla sijaanza kwenda kuangalia jiko mara tatu, na nikaogopa. Zilikuwa zimebaki Jumamosi mbili. Baada ya hapo, tungesimama kando yao, nami ningetia sahihi kwamba nimeshuhudia na kila kitu ni sawa.

Wiki hizo mbili sikulala usingizi wa maana. Nilitafuta njia ya kumwambia bila kusema. Nilitunga ujumbe kwenye simu nikaufuta. Nilimwombea, jambo ambalo kwetu mara nyingi ndiyo njia ya heshima ya kutofanya lolote. Mume wangu naye akawa amenyamaza tena, tangu Jumatatu, na sikuwa hata na hamu ya kujua kwa nini.

Jumamosi ya nane ilikuwa somo la msamaha. Alilifundisha akiwa amevaa shati la kitenge, nami gauni la kitenge hicho hicho. Kijana aliandika kurasa tatu. Mwishoni mume wangu akafumba macho na kusema, "Mwalimu atatufungia kwa maombi."

"Kabla sijaomba," nikasema, "nina neno."

Akafumbua jicho moja.

Nilimwangalia msichana peke yake, kwa sababu ningeangalia kwingine ningenyamaza. Nikamwambia, "Mume wangu hajaniongelesha tangu Jumatatu. Siku ile alipowafundisha kusikiliza, alikuwa na siku tisa hajaniongelesha, na kosa langu ni kwamba nilisema siku moja kulikuwa na jua. Wewe uliniuliza jikoni kama inaisha. Nilikudanganya. Haiishi kwa kuku. Mimi nimeomba msamaha miaka ishirini na moja na mara nyingi sijui nimekosa nini."

Nilitarajia radi. Nilikuwa nimesahau niliyeolewa naye. Mume wangu alitikisa kichwa taratibu, akatoa kitambaa, akapangusa pembe za macho.

"Mnaona?" akawaambia. "Ndiyo hii nilikuwa nawafundisha. Ugonjwa ukimjia huwa hivi. Na bado nampenda."

Kijana akaitikia kwa kichwa. Nadhani angekuwa na nafasi angeandika. Akamgusa msichana goti, akasema kwa upole, "Babe, usijali maneno yake. Ni mgonjwa. Chukua kipochi twende."

Msichana hakuchukua kipochi.

"Ile siku nilikuletea kuku," akamuuliza, "nilikuwa nimekosa nini?"

"Si tulimaliza hiyo story?"

"Tulimaliza. Lakini niambie tu. Nilikuwa nimefanya nini?"

Kijana akamwangalia mume wangu kama mwanafunzi anayetaka kuonyeshwa jibu, na mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa nalo. Basi kijana akafanya kitu pekee alichokuwa anakijua. Alinyamaza. Alinyamaza hapo hapo, mbele yetu sote, huku amekaza uso na kuangalia zulia, na msichana akamtazama akinyamaza kwa muda mrefu kama anayehesabu siku. Kisha akachukua kipochi, akatoka peke yake hadi getini, akasimamisha boda.

Ningependa kusema nilipigiwa makofi. Mama yake msichana alinipigia simu Jumapili akaniambia nimemchomea mtoto harusi, kwamba kadi zilishagawanywa na shangazi wa Eldoret alishashona nguo. Kamati ilikaa. Mchungaji akaja na mashemasi wawili, wakanywa chai yangu, wakasema wameonelea tupumzike utumishi kwa muda ili mama apate nafuu. Mume wangu alisimama kanisani kutoa ushuhuda juu ya majaribu ya Ayubu, na wapo waliolia. Kijana alikuja kumtembelea mara mbili. Nasikia ameshapata mchumba mwingine, mtulivu zaidi. Nyumbani ni kimya tangu siku ile. Tofauti ni kwamba safari hii najua kosa langu, na ningelirudia.

Likizo ya Desemba msichana akaja kuniona. Mume wangu alikuwa ameenda Keringet kwa mama yake. Aliniletea parachichi kwenye mfuko, tukaketi jikoni kwa mazoea tu, ingawa sebule ilikuwa tupu. Alikuwa amekonda. Akaniambia bado analia bafuni kazini, na kwamba mara mbili amempigia yule kijana na kukata simu kabla haijashikwa. Hakunishukuru. Nilifurahi hakunishukuru.

Akaniangalia nikimenya parachichi. Halafu akauliza, kama anayeuliza saa, "Na wewe, auntie, unatoka lini?"

Nikacheka. Nikamwambia nina miaka hamsini. Nikamwambia nyumba hii nimeijenga mimi pia, tofali kwa tofali. Nikamwambia mama mkwe ni mzee, ataumia, na watu watasema ni kweli nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa na sababu nyingi na nilizipanga vizuri, maana nimekuwa nazo muda mrefu. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikaona bado ananingojea, ndipo nikakasirika kidogo.

"Wewe ulikuwa na mtu wa kukuambia," nikasema. "Mimi sikuwa na mtu."

"Sasa nakuambia," akasema.

Nikaweka kisu chini. Nje mbwa wa jirani alikuwa anabweka, na nikajikuta nimeangalia mlango, ingawa mwenye kuingia alikuwa Keringet. Yeye aliniona nikiangalia. Nilipitisha kitambaa mezani mara mbili mahali palipokuwa pasafi.

"Pale kwenye ploti unapopanga," nikamuuliza, "kuna nyumba imebaki?"

"Iko bedsitter moja, auntie, ya chumba kimoja tu. Lakini maji inakuja Jumanne na Ijumaa pekee."

"Nina mitungi," nikasema.